Kwa nini profesa anaandikiwa cheo na muuza maji anaandikiwa "mkazi"? (Uzi wa wanafunzi wa dokumentari Nairobi)

Fundi_wa_Kukata

Wadau, salaam. Mimi ni mhariri wa video. Kila mwaka msimu wa kazi za mwisho ukifika, wanafunzi wa filamu hapa Nairobi hunijia na diski zao mfukoni na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nawapenda. Wanaijua kamera kuliko sisi tulivyoijua tukiwa na umri wao. Kuna kitu kimoja tu kinachonikereketa, na nataka tukijadili hapa bila haraka.

Jaribuni hivi. Chukueni dokumentari yoyote ya mwanafunzi, mzime sauti, mtazame maandishi yale yanayotokea chini ya skrini mtu akiongea. Profesa anakuja na jina kamili, shahada, idara na chuo. Afisa wa shirika anakuja na jina kamili na cheo. Halafu anakuja mama aliyeuza maji Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, tangu watoto wake wakiwa chekechea, na chini yake pameandikwa "Mkazi, Mathare". Wakati mwingine hata jina hana, ni "Mama Brayo" tu.

Mkazi ni kazi gani? Hata huyo profesa ni mkazi wa mahali.

Mfano hai. Kuna kikundi kilifanya filamu kuhusu maji huko Mathare. Nikafungua klipu ghafi za huyo mama, nikamkuta anaeleza hesabu yake. Mfereji ukikauka, mwenye tangi anapandisha bei ya mtungi wa lita 20 siku hiyo hiyo. Yeye hapandishi papo hapo. Wateja wa kupita njia anawatoza bei mpya asubuhi inayofuata. Wale wa daftari, wanaochukua kwa mkopo na kulipa Ijumaa, anawaachia bei ya zamani, kwa sababu akiwapandishia watahamia kwa jirani, na deni litahama nao. Anaeleza huku anafunga kifuniko cha mtungi kwa kipande cha mfuko wa plastiki, anakizungusha, anakikaza kwa meno. Hakuna aliyemfundisha, na hababaiki hata neno moja.

Katika filamu iliyokamilika hesabu yote hiyo haikuwepo. Kilichobaki ni sentensi mbili: "Tunaumia sana. Serikali itusaidie." Kinanda cha huzuni chini yake. Kisha tunaruka hadi ofisini kwa profesa, rafu ya vitabu nyuma, naye anatueleza kwamba bei hupanda maji yanapoadimika.

Mnaona kilichotendeka? Kaida za utangazaji zinajibu swali moja kabla hata hujawasha kamera: nani anajua, na nani anaumia. Mjuzi hukalishwa kitini, kamera usawa wa macho yake, kimaiki kifuani, chumba kimya. Mwenye kuumia husimamishwa mlangoni jua la saa saba, kamera inamtazama kutoka juu, jenereta inanguruma nyuma yake. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ndivyo tulivyoona kwenye taarifa, nasi tukarudia.

Sisemi mtupe kila kitu. Nauliza: ninyi mnaotengeneza, mnazitumiaje hizi kaida, na mnazivunja wapi?

Kanairo_Picha

Fundi, umegusa kidonda. Niko mwaka wa tatu. Shida yetu ni hii: karatasi ya kusahihishia ina kisanduku cha "mtaalamu" na kingine cha "msimulizi". Ukikosa mtaalamu mwenye cheo, maksi zinaondoka. Mwenzangu alimweka fundi wa mabomba wa mtaani kama mtaalamu wake, akaandikiwa kwa kalamu nyekundu: "Mtaalamu yuko wapi?" Fundi mwenyewe alikuwa pale pale kwenye skrini, ameshika spana!

Na niongeze lingine. Manukuu. Tulimhoji mzee mmoja anaongea Kiswahili safi kabisa, ila lafudhi ni ya kwao Siaya. Tukamwekea manukuu ya Kiswahili. Kiswahili chini ya Kiswahili! Daktari tuliyemhoji naye alikuwa anameza nusu ya maneno, lakini yeye hatukumwekea chochote. Hakuna aliyeshtuka mpaka tulipoonyesha darasani na dada mmoja akauliza.

BiMkubwa_SouthB

Wanangu, hamjambo. Nimestaafu, lakini nimekula chumvi nyingi kwenye chumba cha habari, tangu enzi za mikanda. Fundi anasema kweli kuhusu huyo mama wa maji, sina ubishi. Lakini naona mnaanza kunoa mapanga, basi niwaambie kaida hizi zilitoka wapi kabla hamjazikata.

Msimulizi yuko pale kwa sababu televisheni hapa kwetu husikilizwa zaidi ya kutazamwa. Taarifa ya Kiswahili ni saa moja jioni. Saa hiyo ugali uko motoni, mtoto anaogeshwa, baba yumo kwenye matatu anasikiliza kwa simu iliyo mfukoni. Nyamazisha msimulizi na watu hao wote umewapoteza. Ndiyo maana tulifundishwa kuandika sentensi fupi, jina kwanza, jambo baadaye. Haikuwa kiburi.

Pia kuna kaida ambazo sitaki kumwona mwanafunzi akizigusa. Ukimtaja mtu kwa ubaya, mpe nafasi ya kujibu. Ukiambiwa jambo zito, litafutie mtu wa pili au karatasi. Usimlipe mhojiwa aseme unachotaka. Usichukue swali moja ukalibandika jibu la swali lingine, hata kama midomo inafanana. Siku hizi nasikia vijana wanaita kila kitu "kaida za kikoloni". Haki ya kujibu nayo ni ukoloni?

Fundi_wa_Kukata

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapana, haki ya kujibu ibaki, na ikae mahali pa heshima. Wewe unazungumzia kaida za uaminifu, mimi nalalamikia zile za umbo: nani anakaa wapi, sauti ya nani iko juu ya picha, nani anakatwa katikati ya sentensi. Balaa huanza pale mwanafunzi anapozivunja zile za kwanza akidhani amevunja hizi za pili.

Lakini kwa kuwa umetaja ukoloni, hebu nikupe historia kidogo, kwa maana si matusi ya vijana tu. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa filamu hapa Afrika Mashariki, kambi yake ikiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi za kilimo, afya na mambo kama akiba ya posta, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, sauti ikiwa kwenye santuri kwa lugha za huku. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda kitengo chao cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, ambaye alianzia kwenye kazi za afya Nigeria, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hafuatilii picha ya haraka: piga polepole, usirukeruke, usitumie ujanja wa kamera, na awepo msimulizi wa kueleza kila kinachoonekana.

Kwa hiyo kabla Mwafrika hajashika kamera, tayari palikuwa na sheria zilizoandikwa kwa kuamini kwamba haelewi. Picha ya mkono ukipanda mbegu, sauti inasema "huyu anapanda mbegu". Tazama dokumentari ya mwanafunzi leo: picha ya mama akiteka maji, msimulizi anatuambia mama anateka maji. Sidai urithi umetoka moja kwa moja. Nasema tu sauti ile ya kumweleza mtu anachokiona kwa macho yake ina historia, na haikuanzia kwenye ugali wa saa moja jioni, Bi Mkubwa, pamoja na heshima zote.

BiMkubwa_SouthB

Marahaba. La Vugiri nalichukua. La ugali silirudishi.

DarLenzi

Wakuu, niko Dar lakini nawafuatilia. Nataka kuwatahadharisha kuhusu upande wa pili. Kuna watu wanadhani ukimwondoa msimulizi basi ukweli unabaki mtupu. Kumbukeni dokumentari ya Darwin's Nightmare ya 2004, ya Mwanza, kuhusu sangara na ndege za mizigo. Haina msimulizi wa kuhubiri. Ina maandishi machache, nyuso, usiku, ndege inatua, swali linaulizwa, mtu anasita. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe kwamba ndege zinakuja na silaha na kuondoka na minofu. Ilifika mpaka kuteuliwa kwenye Oscar. Huku kwetu ilizua zogo kubwa, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani.

Silitetei upande wowote hapa. Ila kwa mhariri lina funzo: kukaa kimya kwenye picha nako ni kusema. Msimulizi angalau ana sentensi unayoweza kuishika ukasema "hii umeitoa wapi?" Picha mbili zilizobandikwa pamoja zinasema jambo na hakuna wa kumuuliza.

Fundi_wa_Kukata

Mkuu DarLenzi, hapo umepigilia msumari. Ndiyo maana nikikaa na wanafunzi wanaotaka ule mtindo wa kutazama tu, kamera kama nzi ukutani, huwa nawaomba waandike pembeni kila mkato unadai nini. "Picha ya diwani anacheka + picha ya mfereji mkavu = diwani hajali." Haya, una ushahidi kwamba hajali? Alicheka lini? Kama alikuwa anacheka harusini, ondoa.

Na kuhusu kuigiza: kila mwaka kuna kikundi kinaniuliza kama kumwambia mama "hebu mimina tena, kamera haikushika" ni uongo. Jambo hili lina umri sawa na dokumentari yenyewe. Robert Flaherty, Mmarekani, alipotengeneza Nanook kule kaskazini mwa Kanada, filamu ya mwindaji mmoja na familia yake iliyotoka 1922, nyumba ya barafu ilikuwa ndogo na giza, ikabidi ijengwe nusu tu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie, na familia ikajifanya imelala ndani huku baridi inawapiga. Hata jina la Nanook halikuwa jina lake. Akaambiwa awinde kama mababu, ilhali watu wa kule walikuwa tayari na bunduki.

Kwangu mimi kumimina maji tena si kitu. Anamimina kila siku, na mikono ni yake. Kumwambia "mama, hebu lile swali la mtoto aliyefariki, jibu tena, mwanga ulikuwa mbaya" ni jambo lingine kabisa. Na kumvua mtu simu yake mkononi ili aonekane maskini vizuri, hilo ndilo la Flaherty na bunduki. Nimeliona likitokea mwaka huu huu, simu ikiwekwa nyuma ya jiko.

Mtoto_wa_Buru

Wasee, acha nilete kicheko. Sisi tulipewa kazi ya "tumia kaida, kisha ipinge". Tukaamua tutaitumia ile sauti ya taarifa kama ilivyo, nukta kwa nukta, ila tutabadilisha mtaa. Tulisimama kando ya barabara ya umma huko Karen, mtaa wa matajiri, tukapiga malango, ua, na ile mipira ya kumwagilia nyasi inayozunguka. Msimulizi wetu ana sauti nzito ya makala maalum. Akasoma:

"Katika mtaa huu wa Karen, ambako familia moja hulazimika kuishi kwenye ekari nzima, wakazi wanasimulia masaibu ya kutowafahamu majirani wao. Maji yanayorushwa angani tangu alfajiri yamewaacha wengi bila la kusema. Licha ya changamoto hizo, watoto wa hapa bado wana ndoto."

Tukaweka na kinanda. Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu alicheka, halafu akatuuliza: "Baada ya kicheko, kuna nini?" Tukakosa jibu la haraka.

BiMkubwa_SouthB

"Licha ya changamoto hizo, watoto wa hapa bado wana ndoto." Ewe Mola. Hiyo sentensi nimeiandika mimi kwa mkono wangu, sijui mara ngapi.

Lakini mwalimu wenu yuko sawa, mwanangu. Mmemcheka msimulizi. Mwenye maji na asiye na maji hamjawagusa.

Fundi_wa_Kukata

Naona kuna dawa. Msibadilishe maandishi hata neno. Sehemu ya pili, sauti ile ile, maneno yale yale, lakini picha sasa ni foleni ya mitungi. "Maji… tangu alfajiri… bila la kusema." Mtaona ghafla sentensi haichekeshi, na mtazamaji ataanza kujiuliza kwa nini alicheka ilipokuwa Karen na kwa nini huku imekaa sawasawa, kama kwamba ilizaliwa hapa. Hapo kaida mmeivua nguo kwa kuitumia. Na msiweke kinanda mara ya pili. Wekeni sauti ya mahali penyewe: kinu cha posho, honi ya matatu, mtungi mtupu ukiburutwa kwenye lami. Mtungi mtupu una sauti yake, mkiunasa karibu hamtahitaji muziki.

Halafu nilitaka kusema jambo kuhusu mtikisiko wa kamera. Tangu maandamano ya Juni 2024, kupinga Mswada wa Fedha, kizazi hiki kimejifunza kwamba ukweli unatikisika. Ni haki yao, yaliyotokea tarehe 25 pale Bungeni na barabarani tuliyaona kwa simu za watu waliokuwa wanakimbia. BBC walipochunguza siku hiyo mwaka uliofuata, walipitia maelfu ya picha na video za aina hiyo, wakilinganisha moja na nyingine. Kumbe nguvu ya zile video haikuwa kutikisika. Nguvu ilikuwa kwamba zilikuwa nyingi, kutoka pembe nyingi, na unaweza kuzipanga kwa saa na mahali. Sasa naletewa filamu ya kilimo cha sukuma wiki kwenye magunia, na kamera inatetemeka kama inafukuzwa na polisi. Nikiuliza, naambiwa "inaleta uhalisia". Sukuma wiki haikimbii, jamani. Wekeni kamera kwenye stendi.

Kanairo_Picha

😂😂 Fundi umenimaliza na hiyo sukuma.

Swali la kweli sasa. Kama tatizo ni nani anajua, si tuwape kamera wenyewe? Nilitazama Thank You for the Rain, ile ya 2017, mkulima wa Kitui, Kisilu Musya, anajirekodi yeye na familia yake kwa miaka, ukame, mafuriko, mpaka kwenye mkutano wa tabianchi Paris. Pale anapogeuza kamera usoni mwake usiku na kuongea, hakuna mwanahabari angeweza kuipata ile sauti.

BiMkubwa_SouthB

Kamera ni nusu ya mamlaka, mwanangu. Nusu nyingine iko kwenye meza ya Fundi. Ukimpa mama simu arekodi wiki nzima, halafu ukachukua zile sekunde anazolia, umerudi pale pale, tena safari hii amekufanyia kazi bure.

Fundi_wa_Kukata

Bi Mkubwa amesema. Ndiyo maana nawasukuma wanafunzi wafanye jambo ambalo chuoni halimo kwenye karatasi ya kusahihishia: kabla ya kufunga filamu, rudini na kompyuta, mwonyesheni mwenyewe. Halikuanza juzi. Wafaransa Jean Rouch na Edgar Morin walilifanya Paris, kwenye filamu yao iliyotoka mwaka 1961: waliwaonyesha waliorekodiwa picha zao, wakawaacha wabishane kama walikuwa wakweli au walijifanya mbele ya kamera, na ubishi huo ukaingia ndani ya filamu yenyewe. Rouch huyo huyo alikuwa amepiga filamu miaka mingi Afrika Magharibi.

Kile kikundi cha maji walirudi Mathare. Mama alitazama kimya mpaka alipofika profesa. Akasema: "Huyu anasema maji yakiadimika bei inapanda. Mwambieni kuna siku maji yapo na bei imepanda." Wakamuuliza kwa nini. Akawaeleza habari za mwenye tangi na nani anafunga mfereji. Wakarekodi palepale, na hicho ndicho sasa moyo wa filamu. Profesa walimpigia simu wakamuuliza kuhusu jibu hilo, akafurahi, akakubali kuja mwenyewe. Wakampiga picha amesimama kando ya kioski, jua la saa saba, jenereta nyuma. Mama amekalia kiti chake. Mnaona mchezo uliochezwa hapo?

DarLenzi

Hahaha, profesa kasimamishwa juani! Hii nimeipenda bure.

Wakili_wa_Mtaa

Naingilia kwa uchache, kwa sababu nyote mnaongea kama hakuna sheria.

Kwanza, ukitaka kuonyesha filamu kwa umma, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga, na kuna suala la uainishaji. Msione ni la makaratasi tu: mwaka 2021 bodi ya uainishaji ilipiga marufuku kabisa dokumentari moja ya Kenya. Kazi ya darasani ni jambo moja, kuipeleka ukumbini au mtandaoni ni lingine. Droni nayo ina mamlaka yake ya anga, tena juu ya makazi ya watu. Msije mkanyang'anywa chombo.

Pili, Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Uso na sauti ni data. Ipo nafuu kwa kazi za uandishi na sanaa zenye maslahi ya umma, lakini msiifanye mwavuli wa kila mvua. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na "mwalimu wa shule alikubali" si mzazi. Fomu zenu za idhini nimeziona. Kurasa mbili za Kiingereza cha mahakamani, mtu anawekewa kidole. Huo si ukubali. Soma kwa Kiswahili mbele ya kamera, aulize maswali, aseme mwenyewe ndiyo, na aelezwe filamu itaonekana wapi, kwa maana darasa la watu thelathini na YouTube si kitu kimoja. Na mwambieni anaweza kubadilisha mawazo.

Tatu, mkipiga maandamano, fikirieni nyuso. Kaida inasema onyesha uso, uso una hisia. Siku hizi uso una anwani.

Mtoto_wa_Buru

Wakili, swali. Tukificha nyuso kwa ile michoro ya mraba mraba, watu wanaonekana kama wahalifu. Ile picha tumeizoea kwa washukiwa.

Wakili_wa_Mtaa

Hilo muulizeni Fundi, mimi ni wa karatasi.

Fundi_wa_Kukata

Kweli kabisa, mraba mraba ni nguo ya mshukiwa. Msiuweke baadaye mezani, tatueni jambo hilo mkiwa bado mnapiga. Pigeni mikono. Pigeni mgongo mtu akitazama mji kutoka ghorofani. Pigeni kivuli ukutani, viatu, chai inayopoa. Mmoja wa wanafunzi alimhoji kijana akiwa ananyoa mteja kwenye kinyozi, kamera ikawa kwenye mashine na kisogo cha mteja muda wote, sauti ikaja safi. Sikuwahi kutamani kuuona uso wa msemaji. Kila alipofika mahali pagumu, mashine ilisimama.

Kanairo_Picha

Sawa, na karatasi ya kusahihishia je? Mimi nataka kupita mtihani pia, tusidanganyane.

Fundi_wa_Kukata

Jaza visanduku vyote. Kisanduku kinasema "mtaalamu", hakisemi mwenye shahada. Mpe muuza maji wako jina kamili, kazi na uzoefu chini ya skrini, mkalishe, mwekee kimaiki kifuani, kamera usawa wa macho, na kwenye maelezo ya kazi uandike kwamba umefanya hivyo makusudi na kwa nini. Mwalimu akisoma sababu kabla ya kutazama, ni vigumu aandike "mtaalamu yuko wapi". Kisanduku kinasema "msimulizi", hakisemi lazima awe na sauti ya mbinguni. Msimulizi anaweza kuwa wewe, unasema "mimi sikulia Mathare, nilikuja na basi". Au awe mtu wa pale. Na kama kweli unahitaji ile sauti nzito kueleza sheria ya maji kwa sekunde ishirini, itumie, Bi Mkubwa atafurahi. Kuna mambo picha haiwezi kuyaeleza na hakuna aibu.

Manukuu: ama kila mtu, ama hakuna mtu. Kwanza yanawafaa viziwi.

Kanairo_Picha

Nimekaa jana nikabadilisha maandishi yote ya chini. Nayaweka hapa bila majina, mniambie:

– Muuza maji na mtunza hesabu wa kikundi cha akina mama, Mathare
– Mhadhiri wa uchumi, mkazi wa Kahawa Wendani
– Fundi wa mabomba, aliyeunganisha mifereji ya mtaa huu
– Mzee wa nyumba kumi

BiMkubwa_SouthB

"Mkazi wa Kahawa Wendani", nimecheka peke yangu. Mwombe ruhusa kwanza lakini.

Hiyo ya tatu ni ndefu. Mtazamaji hatamaliza kusoma kabla hajakatwa. "Fundi wa mabomba, Mathare" yatosha, hayo mengine ayaseme kwa mdomo wake. Na "aliyeunganisha mifereji": kwa kibali au bila kibali? Kama ni bila, umemchongea mwenyewe kwa maandishi makubwa meupe. Wakili, njoo.

Wakili_wa_Mtaa

Ifute leo leo.

Kanairo_Picha

Imefutwa. Ahsante Bi. Profesa nitampigia Jumatatu kuhusu Kahawa.

Jumamosi narudi kwa mama kumrekodi tena ile hesabu ya wateja wa daftari, safari hii ameketi. Kimaiki cha kifuani cha chuo kimeharibika. Kuna mtu Eastlands au mjini ana cha kuazima? Narudisha Jumapili na betri mpya.

Mtoto_wa_Buru

Nina kimoja, waya wake umefungwa kwa selotepu lakini kinafanya kazi. Nitakuwa steji ya Buru mjini saa mbili asubuhi. Usiniletee betri, niletee chai.